Gunia la Ahabu

Jumatano ya Majivu huangukia Februari au mapema Machi. Huku kwetu hiyo ni miezi ya njaa. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu bado mabichi shambani, ada za shule zinadaiwa tangu Januari, na korosho hazitaanza kudondoka mpaka Septemba. Asubuhi tunapanga foleni mbele ya altare, tunapakwa majivu kwenye paji la uso, tunakumbushwa kwamba sisi ni mavumbi. Jioni ya siku hiyo hiyo jirani anapiga hodi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Sikai, mjomba. Mtoto amelazwa Mkomaindo na mkononi sina kitu. Nisaidie laki moja. Msimu ukifika nitakulipa korosho."

Na mjomba, majivu yangali usoni, anafungua daftari. Anaandika jina, anaandika kilo mia, anamwambia mama wa watu aweke dole gumba. Kilo mia kwa laki moja, yaani kilo moja kwa shilingi elfu moja. Oktoba mnada ukifunguliwa na bei ikasimama kwenye 3,500, mjomba atazipeleka kilo zile mia chama cha msingi kwa jina lake na kupokea laki tatu na nusu. Kwa miezi saba laki moja imemzalia laki mbili na nusu. Jumapili inayofuata atakwenda mbele na bahasha ya shukrani, kwaya ikiimba, naye akieleza jinsi Bwana alivyomtendea.

Hiyo ndiyo kangomba, na hakuna mtu wa Lisekese hapa Masasi anayehitaji kuelezwa. Serikali imeipiga marufuku, wakuu wa wilaya wanaikemea kila msimu unapokaribia, na kila msimu ipo. Leo sina neno na sheria za nchi. Neno langu ni kwa waliobatizwa: Waanglikana wa Mtandi, Wakatoliki, Walutheri, ndugu zetu wa makanisa ya kiroho yanayokesha Ijumaa mpaka alfajiri, wa Lisekese na Mkuti na Migongo, na wale wa juu Newala ambako mambo ni hayo hayo. Wewe mwenye daftari, Bwana hakukubariki. Ulichokitia kwenye kapu la sadaka ni dawa ya mtoto wa mwenzio.

Tunatubu sana hapa. Hilo silikatai. Kwaresima makanisa yanajaa, Njia ya Msalaba haikosi watu, maungamo ya Juma Kuu yanamchosha padri mpaka sauti inakauka. Kwenye mikesha watu wanalia kweli, machozi ya kweli, wengine wanagaragara. Lakini hebu tuulizane: katika machozi yote hayo, ni nani umewahi kusikia kwamba alitoka kwenye maungamo akaenda moja kwa moja nyumbani kwa mjane, akamwambia, "Mama, mwaka ule nilichukua korosho zako kwa bei ya dhuluma, hizi hapa hela zako"? Mimi nimekaa na watu hawa, nimezika nao, nimecheza nao ngoma za watoto wao wakitoka jandoni, na jambo hilo sijalisikia. Nimesikia watu wakiungama hasira, tamaa, uvivu wa kusali, mawazo mabaya. Kilichoko ndani ya daftari hakiungamwi kwa sababu hakihesabiwi kuwa dhambi. Kinahesabiwa kuwa akili.

Basi wasomeni wafalme wa Israeli. Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Nabothi, lililokuwa karibu na jumba lake. Nabothi akakataa, maana lilikuwa urithi wa baba zake. Mke wa mfalme akatengeneza mashahidi wa uongo, Nabothi akapigwa mawe, Ahabu akashuka kulimiliki. Eliya akamkuta mle mle shambani na kumtamkia hukumu. Kinachofuata ndicho tunachokipenda: Ahabu akararua mavazi yake, akavaa gunia, akafunga, akalala juu ya gunia, akaenda polepole kwa unyonge. Mungu akamwona na kusema mabaya hayatakuja katika siku zake. Wahubiri wetu huishia hapo. Huruma ya Mungu ni kubwa, ameni, tusimame tuimbe.

Fungua mbele kidogo. Tafuta katika sura hizo zote mahali palipoandikwa kwamba Ahabu alilirudisha lile shamba kwa nyumba ya Nabothi. Hapapo. Alivaa gunia na shamba likabaki lake. Miaka ikapita, Ahabu akafa vitani, mwanawe Yoramu akatawala, na siku jemadari Yehu alipokuja na magari yake, mfalme alitoka kumlaki akakutana naye katika kiwanja kile kile cha Nabothi. Kilikuwa bado mikononi mwa nyumba ya Ahabu. Yoramu akauawa na maiti yake ikatupwa pale pale. Mungu aliliahirisha jambo kwa sababu ya gunia. Hakulifuta, kwa sababu mali ilikuwa bado ndani ya nyumba ya mwizi.

Toba ya Masasi ni toba ya Ahabu. Tunavaa gunia na shamba tunabaki nalo.

Na nisemapo shamba simaanishi korosho za msimu mmoja peke yake. Kuna wanaoweka mikorosho yenyewe rehani. Baba ameugua, mazishi yamegharimu, au kijana anatafutiwa nauli ya kwenda Dar es Salaam. Basi mikorosho ishirini inatolewa kwa mwenye fedha aivune miaka mitatu, miaka mitano, kwa kiasi ambacho mavuno ya mwaka mmoja tu yangekirudisha. Mikorosho hiyo ilipandwa na babu. Mwenye shamba anaajiriwa kulipalilia shamba lake mwenyewe kwa kibarua cha kutwa. Anapuliza salfa kwenye miti ya baba yake ili mtu mwingine akavune. Sasa niambieni tofauti kati ya hili na la Nabothi ni nini, ukiondoa mawe.

Wakristo wa mahali pengine wakitenda haya, yanaumiza. Sisi tukiyatenda ni aibu juu ya aibu, kwa sababu ya asili yetu. Kanisa hili lilianzaje? Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Unguja kupitia Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, miaka mitatu tu nyuma, na kanisa la Mkunazini lilikuwa likijengwa juu ya kiwanja cha soko hilo. Kundi lile lilikusudiwa kufika upande wa Ziwa Nyasa, yalikokuwa makwao ya wengi wao. Walipofika chini ya milima hii ya mawe, wakaona maji na udongo na watu wanaosema lugha wanazozijua, wakakaa. Hao ndio mbegu ya Ukristo wa Masasi. Watu waliokuwa wamewekewa bei. Watu waliojua, kwa miili yao, maana ya mtu kuandikwa katika daftari la mwingine.

Na hata baada ya kukombolewa hawakuachwa. Mwaka 1882 Magwangwara, yaani Wangoni, waliivamia misheni, wakaua, wakachukua mateka, na mmisionari Chauncy Maples akalazimika kuhamia Newala, kwa chifu Matola. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, misheni ikachomwa moto. Kila mara watu walirudi wakajenga upya. Padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo, Cecil Majaliwa, aliyepewa upadri mwaka 1890, alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akafika Unguja, akasomeshwa, akarudi kuhudumu Chitangali, nchi ya Wayao wenzake. Mtoto aliyewahi kuuzwa ndiye aliyewagawia babu zetu mkate wa Bwana. Mikono iliyofungwa kamba ndiyo iliyotubatiza.

Kanisa la namna hiyo, ndugu zangu, linawezaje kuwa na wazee wa kanisa wanaonunua mwaka mzima wa jasho la jirani kwa laki moja?

Yapo majibu, na nimeyasikia yote. La kwanza ni kwamba wao wenyewe ndio wanaokuja kuomba, hatukuwalazimisha. Ni kweli wanakuja. Njaa ndiyo inayowalazimisha, nawe unawangoja kwenye mlango ambao njaa itawapitishia. Esau naye alikuja mwenyewe. La pili: hii ni biashara, nami ninabeba hatari, maana mvua inaweza kuharibu maua au ugonjwa wa ubwiri ukala miti. Kama ni hatari unayoibeba, mbona miti ikizaa kidogo deni halipungui, linasogezwa msimu ujao likiwa limeongezeka? Hatari yote ameibeba yule mama, wewe umebeba kalamu. La tatu ndilo linalotamkwa kwa sauti ya chini: kila mtu anafanya, hata fulani anafanya, na fulani huyo anatajwa kwa cheo chake kanisani. Hapo kweli tumefika penyewe. Dhambi ikishakaa kwenye kiti cha mbele, walio nyuma wanaiita desturi.

Mwezi Novemba mwaka 2018 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakaja kuzisomba. Ukafanywa uhakiki. Aliyeleta mzigo mkubwa akaambiwa, tupeleke shambani kwako. Siku zile mji ulijaa hofu. Watu waliomiliki magunia bila kumiliki mti walihangaika usiku kutafuta wa kuwaazima shamba la kuonyesha. Na wakulima wengi waaminifu, wasio na hatia yoyote, walikaa miezi wakingoja malipo. Ninalikumbusha jambo lile kwa sababu moja. Dola ilikuja na silaha na malori na bado kangomba haikufa. Msimu uliofuata madaftari yalirudi mezani. Askari anaweza kukagua shamba. Kutubu kwa niaba yako hawezi.

Nisije nikasemwa kwamba namtetea mkulima kana kwamba yeye ni malaika. Nawe mkulima, simama hapa tuseme. Korosho unazimwagia maji usiku ili asubuhi ziwe nzito kwenye mzani. Chini ya gunia unaweka mchanga, katikati unaweka mbovu za mwaka jana, juu unapanga nzuri zing'aazo. Katika msimu wa 2017/18 korosho za Tanzania zilifika Vietnam zikakutwa na kokoto ndani. Kokoto! Nchi nzima iliona haya, Waziri Mkuu akataka wahusika watafutwe, nasi tukashangaa kama vile hatujui mkono unaotia jiwe kwenye gunia unafananaje. Ule ule mkono, Jumapili, unapokea Ekaristi. Na wewe mwingine unayechukua fedha za kangomba kwa watu watatu kwa miti ile ile, halafu msimu ukifika unakimbilia kwa shangazi Nachingwea, wewe ni mwizi kama wao. Umaskini wako ninauheshimu. Uongo wako siwezi kuuheshimu.

Na karani wa mizani, ndugu yangu uliyepewa kipaimara: wewe unajua unalifanya nini jina la unyaufu. Korosho hunyauka kweli, zikikaa ghalani zinapungua uzito. Kila mkulima anakubali. Lakini unyaufu ukikatwa pale pale mzani ulipo, kilo kwa kila gunia, na mwisho wa msimu zikapatikana korosho za ziada zisizo na mwenyewe, hizo zimenyauka kutoka wapi? Amosi wa Tekoa, aliyekuwa mchungaji na mtunza mikuyu, mkulima wa miti kama sisi, aliwashutumu watu waliongojea sabato iishe ili warudi kupunguza kipimo na kuharibu mizani. Aliwaambia kwamba Mungu amezichoka sikukuu zao na hazisikilizi nyimbo zao. Hakusema nyimbo zile zilikuwa na makosa ya sauti. Kwaya zetu nazo zinaimba vizuri, na sare zake ni nzuri, na nyingine zimeshonwa kwa fedha za unyaufu.

Tunasema sana juu ya kumpinga shetani. Kwenye mikesha tunamfukuza kwa kelele, tunafunga milango ya wachawi, tunavunja laana za ukoo. Mti ukikauka tunamtafuta aliyeroga. Na hiyo ndiyo hila yenyewe, kwa sababu majaribu yanayoiangamiza Lisekese hayaji usiku wa manane yakipiga kelele juu ya bati. Yanakuja saa kumi na mbili jioni, yamevaa khanga, yanasema shikamoo. Pale mlangoni, wakati jirani anaeleza shida yake na moyo wako umeanza kupiga hesabu, ndipo mahali pa vita. Dakika moja, au mbili. Ukimpa laki moja ukaandika laki moja, umeshinda. Ukiandika kilo mia, umeanguka, na hakuna mkesha wa Ijumaa utakaokuinua kabla hujalifuta jina lile.

Inasikika rahisi, na si rahisi. Najua mwenye fedha kidogo hapa Masasi naye ana ada za kulipa, ana wazazi wazee, ana bati la kumalizia nyumba. Najua ukimkopesha mtu bila faida unaweza kukaa mwaka usiione hela yako. Ndiyo maana kushindana na dhambi hii peke yako ni vigumu, na ndiyo maana Kanisa lipo. Mtaa wa kanisa unaoweza kuchangisha mamilioni kwa ajili ya kupaua unashindwaje kuwa na magunia ishirini ya mahindi mwezi Februari, ya kukopeshwa kwa gunia na kurudishwa kwa gunia? Akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa wanatunza fedha kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu, kwa uaminifu ambao benki zingeutamani. Wangepewa fungu kutoka kwenye sadaka ya mavuno, mjane asingefika mlangoni kwa mjomba. Dhambi ya kangomba inaishi kwenye pengo lililo kati ya njaa na mavuno. Tuliacha pengo hilo wazi kwa makusudi, kwa sababu baadhi yetu tunakula humo.

Mapadri, makatekista, wachungaji, nisikilizeni nanyi. Binti wa miaka kumi na tisa akipata mimba nje ya ndoa mnamsimamisha sakramenti, na jina lake mnalisoma. Mama anayepika pombe ya nipa ya mabibo ili asomeshe watoto mnamtenga, anakaa nyuma kama mgeni. Sisemi mwafanya vibaya kuyaita hayo dhambi. Lakini ni lini mlimsimamisha mwenye daftari? Ni lini mlirudisha bahasha ya shukrani na kusema, hii hapana, nenda kwanza ukapatane na ndugu yako, kama Bwana alivyoagiza juu ya mtu aliyeleta sadaka yake madhabahuni? Mnalijua andiko hilo kuliko mimi. Mnamjua pia mwenye daftari ni nani, kwa sababu yeye ndiye aliyenunua spika.

Jimbo hili lina kumbukumbu nyingine. Vincent Lucas, askofu wa Masasi kuanzia 1926 mpaka 1944, alikataa kuliacha jando nje ya Kanisa. Aliona kwamba dini isiyofika porini kwa vijana, mahali wanapofundishwa utu uzima, itabaki nguo ya Jumapili. Akaliingiza jando katika sala na Misa, pakazuka ubishi mkubwa, lakini alielewa jambo la msingi: Injili lazima iende kule ambako maisha yetu yanaamuliwa. Leo maisha yetu yanaamuliwa kwenye mzani wa chama cha msingi na kwenye daftari la kangomba. Nani amelipeleka huko baraza la kanisa? Vijana wetu wakiingia jandoni wanafundishwa adabu kwa wakwe na namna ya kuamkia wakubwa. Wafundishwe pia kwamba mwanamume hanunui njaa ya mwenzie.

Na tangu mwaka 1960 mpaka 1968 kiti cha uaskofu hapa kilikaliwa na Trevor Huddleston, mtu ambaye ulimwengu ulimfahamu kwanza kwa sababu ya Sophiatown, Johannesburg, alikosimama na watu weusi wakati serikali ya makaburu ilipokuwa ikiwang'oa katika nyumba zao. Hakusema hilo ni jambo la siasa, au la biashara, Kanisa likae pembeni. Aliliita dhambi mbele ya wenye bunduki. Sisi tuliochungwa na mtu yule tunaogopa kumwudhi mnunuzi wa korosho wa mtaani.

Juu ya ndoa za msimu nitasema maneno machache, kwa kuwa kila mwenye masikio amekwisha kuyasikia. Malipo yakiingia, baba anahamia nyumba ya pili mpaka fedha ziishe. Januari anarudi, mkewe aliyeokota korosho kwa mgongo ulioinama tangu Septemba anampokea, na Kwaresima anapakwa majivu. Kisha hana ada ya mtoto, anakwenda kwa mjomba kufungua jina jipya kwenye daftari. Dhambi moja inailisha nyingine. Ulevi na uzinzi wa Novemba ndio unaomleta mteja wa kangomba Februari, na anayelipa zote mbili ni mke. Mwanamume, korosho zile si zako peke yako. Zikigawanywa mezani siku ya malipo, mkeo akishuhudia, nusu ya majaribu yako imekwisha.

Majirani zetu Waislamu wanatutazama. Dini yao inawakataza riba, na wapo kati yao wanaoivunja amri hiyo kama wapo kati yetu. Hayo watayasema wao. Lakini jina la Mwislamu likikaa kwenye daftari la Mkristo mwenye msalaba shingoni, mahubiri yetu yote ya uwanjani yamekwisha jibiwa.

Zakayo hakuagizwa kitu. Bwana alijialika tu nyumbani kwake pale Yeriko, na yule mtoza ushuru akasimama mwenyewe, akatamka kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Hapo ndipo Yesu aliposema wokovu umefika nyumbani humo. Angalia ni mambo gani yaliyotangulia. Hatuambiwi kwamba alilia. Hatuambiwi kwamba alifunga. Alitaja hesabu.

Nami nawataka muitaje hesabu. Kwaresima ijayo isianze kabla daftari halijafunguliwa mbele ya Mungu na mbele ya shahidi mmoja, padri au mzee mnayemwamini. Deni halali lilipwe kama lilivyo: uliyempa laki moja akurudishie laki moja, hiyo ni haki yako. Ile laki mbili na nusu iliyozidi irudi kwa mwenyewe. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Hesabu, inamtaka aliyekosa aungame, arudishe kamili, na aongeze sehemu ya tano. Kwa hiyo ongeza elfu hamsini, na hapo bado hujamfikia Zakayo. Mikorosho iliyowekwa rehani na kuvunwa kupita thamani ya deni irudishwe msimu huu, miti ikiwa na maua yake. Karani wa mizani naye anajua magunia na anajua majina. Anayesema fedha zimekwisha tumika auze pikipiki, au alipe kidogo kidogo kila msimu mpaka deni liishe, kama alivyowalipisha wenzake.

Utasema mama yule amekufa. Wapo watoto wake. Utasema watoto walihama, wako Dar es Salaam, hawajulikani mtaa. Wapo wajomba zao hapa hapa, na kwetu mjomba ndiye anayejua watoto wa dada yake walipo. Utasema ukoo wote umekwisha. Sheria ile ile ililiona hilo: akikosekana jamaa wa kurudishiwa, mali ni ya Bwana na hupewa kuhani. Siku hizi ingetosha kununua mahindi ya Februari. Kwa hiyo anza na jina la juu kabisa, lile la zamani ambalo wino wake umefifia, ukalitafute wiki hii kabla hujapanga foleni ya maungamo.